Balozi wa Marumaru Nyeusi

Nilikwenda Roma kusoma picha za Bikira Maria. Nyumbani Bagamoyo, Bibi alitundika moja juu ya kitanda chake, Mama mwenye uso mweupe na joho la buluu, na kila jioni tulisali rozari mbele yake. Nilikua nikiamini kwamba imani hii tuliletewa na mapadre waliofungua misheni yetu mwaka 1868, na kwamba sisi Waafrika ndio wageni wa mwisho kuketi mezani.

Mwalimu alituagiza tukae saa nzima mbele ya ikoni ya Salus Populi Romani, katika basilika ya Santa Maria Maggiore. Papa Paulo V ndiye aliyeiweka mwaka 1613 katika kikanisa alichokijenga humo. Nilijaza daftari: dhahabu, mikono, macho ya Mama. Pembeni yangu wazee walinong'ona sala zao bila kunitazama.

Saa ilipokwisha nikaelekea upande wa ubatizo. Huko nikakutana na uso mweusi.

Ni sanamu ya marumaru, kazi ya Francesco Caporale: kichwa na kifua cha mwanamume aliyebeba podo la mishale mgongoni. Huyu ni Antonio Emanuele Ne Vunda, balozi wa Mfalme Álvaro II wa Kongo. Ufalme huo ulikuwa umepokea ubatizo tangu 1491. Álvaro alitaka kuzungumza na Papa moja kwa moja, bila Ureno kusimama katikati na kulishika Kanisa la nchi yake. Ne Vunda aliondoka mwaka 1604, akapitia Brazili, Ureno na Hispania. Alifika Roma Januari 1608, akiwa mgonjwa taabani. Papa alimtembelea kitandani. Siku chache tu baada ya kuwasili, akafariki.

Roma ilikuwa imejiandaa kumpokea kwa shangwe siku ya Epifania, kama mmoja wa Mamajusi. Badala yake ikamzika kwa heshima kubwa. Hilo ndilo lililonichoma. Aliyetumwa kusema alipewa marumaru, naye marumaru hajibu wala hadai. Wakati huohuo, meli za Wareno ziliendelea kubeba watumwa kutoka pwani zilezile za Kongo na Angola.

Usiku nikampigia Bibi simu. Nilimweleza yote kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu: miaka 260 kabla ya misheni yetu, mjumbe Mkatoliki kutoka Afrika alikuwa Roma! Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Umemwombea?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili kuhusu podo na marumaru.

"Mjukuu wangu," akasema, "huyo ni marehemu aliyefia ugenini. Mtu wa namna hiyo huanzi kwa kumsoma."

Kesho yake nilirudi bila daftari. Nikamsalia Ne Vunda rozari nzima, kwa Kiswahili.