Msukumo wa kinyume katika ndege za injini nne

Msukumo wa kinyume ni njia ya kupunguza mwendo wa ndege iliyotua kwa kuelekeza mbele hewa ya injini ambayo kwa kawaida hutoka nyuma. Katika ndege za abiria za injini nne husaidiana na breki za magurudumu na vibao vinavyoinuka juu ya mabawa.

Utendaji

Injini yenyewe haizunguki kinyumenyume. Katika injini nyingi za kisasa, sehemu ya ganda lake huteleza nyuma, milango ya ndani huziba njia ya hewa baridi ya feni, na hewa hiyo hutokea ubavuni kupitia matundu yaliyopinda kuelekea mbele. Hewa moto huendelea kutoka nyuma kama kawaida.

Matumizi

Katika Boeing 747-400, vishikio vinne vidogo vya kazi hii hukaa mbele ya vishikio vikuu vya nguvu za injini, na havivutiki mpaka vile vikuu virudishwe mwisho. Magurudumu makuu yakishagusa chini, rubani huvivuta hadi kwenye kizuizi. Maandishi REV hutokea kwenye kioo kwa rangi ya kaharabu ganda linaposogea, kisha hugeuka kijani likishafunguka. Hapo ndipo anapoongeza nguvu. Akishaanza, hana ruhusa ya kughairi na kupaa tena.

Msukumo huu hufaa zaidi ndege ikiwa bado na kasi. Kwenye noti 60 hivi (kilomita 110 kwa saa) rubani huupunguza, kwa kuwa injini huweza kumeza hewa iliyotupwa mbele pamoja na kokoto. Upepo wa ubavuni ukiisogeza ndege pembeni, huupunguza pia ili airudishe kwenye mstari wa kati.

Tofauti kati ya ndege

Boeing 747 ina vifaa hivi kwenye injini zote nne. Airbus A380, yenye mabawa ya mita 79.8 toka ncha hadi ncha, inavyo kwenye injini mbili za ndani tu: zile za nje huning'inia karibu na kingo za njia ya kurukia au kuzipita, na zingepeperusha mchanga na takataka. Il-62 ya Urusi, yenye injini zote mkiani, inavyo kwenye mbili za nje. BAe 146 haina kabisa. Hutegemea breki, vibao vya mabawa na breki ya hewa inayofunguka mkiani.

Ajali

Tarehe 9 Februari 1982, DC-8 ya Japan Air Lines ilianguka ikikaribia Haneda, Tokyo, baada ya injini za ndani kuwekwa kinyume ikiwa bado angani. Watu 24 walikufa. Tarehe 23 Septemba 1999, Boeing 747-400 ya Qantas ilitua Bangkok kwenye mvua kubwa. Kapteni aliamuru wapae tena, kisha akafuta amri hiyo; katika vurugu hiyo msukumo wa kinyume haukuwashwa, na hakuna aliyegundua. Ndege ilipitiliza mwisho wa njia, lakini wote 410 walinusurika.

Umbali rasmi wa kutua kwenye njia kavu hupimwa bila kuhesabu msukumo huu. Kwa hiyo ndege huweza kuruhusiwa kusafiri hata kifaa kimoja kikiwa kibovu na kimefungwa.