David Parnas na Mizani ya Kutajwa

Mwezi wa Desemba, mwaka 1972, jarida la Communications of the ACM la Marekani lilitoa makala ya kurasa sita iliyoandikwa na David Parnas wa Chuo Kikuu cha Carnegie-Mellon. Makala hiyo yahusu uhandisi wa programu, yaani elimu ya kuunda maagizo yanayoendesha kompyuta, elimu ambayo jina lake lilienea baada ya mkutano wa wataalamu uliofanyika Garmisch, Ujerumani, mwaka 1968. Tangu ilipotolewa imetajwa na waandishi wengine mara elfu kadhaa, nayo huhesabiwa miongoni mwa misingi ya elimu hiyo. Lakini mwaka 2007 mtu huyo huyo, katika jarida lile lile, aliwataka wenzake waache kupimana kwa hesabu. Yafaa sisi wa lugha tuichunguze habari hii, kwa sababu vyuo vikuu vingi huwapima walimu wa elimu zote kwa mizani hiyo moja.

Mfano alioutumia Parnas si mgeni kwa watunga kamusi. Ni programu ya kutengeneza faharasa ya maneno pamoja na muktadha wake. Kila mstari huzungushwa, neno la kwanza likipelekwa mwisho, mpaka kila neno limepata zamu ya kuongoza. Kisha mistari yote hupangwa kwa alfabeti. Hivyo mstari "mtoto anasoma kitabu" huzaa pia "anasoma kitabu mtoto" na "kitabu mtoto anasoma".

Programu hiyo yaweza kugawanywa kwa njia mbili. Njia ya kwanza hufuata hatua za kazi: sehemu ya kusoma, ya kuzungusha, ya kupanga na ya kuchapa. Hapo karibu kila sehemu yapaswa kujua mistari imehifadhiwaje. Njia ya pili huipa kila sehemu siri yake: uamuzi mmoja ambao sehemu nyingine hazina haja ya kuujua. Tuseme mtu ataka kuiingiza katika programu hiyo miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa hiyo hana budi kubadili namna ya kuhifadhi herufi. Katika mpango wa kwanza itambidi afungue karibu kazi yote. Katika mpango wa pili atafungua sehemu inayohifadhi mistari, na ile ya kupanga kwa ajili ya mfuatano mpya wa alfabeti. Sehemu nyingine zitaendelea kama kwamba hapana lililotokea. Parnas alisema kwamba programu ndogo kama hiyo fundi hodari aweza kuimaliza kwa wiki moja au mbili. Lakini fundisho lake lahusu kazi kubwa, zinazoundwa na watu wengi na kubadilishwa kwa miaka mingi.

Athari ya fundisho hilo haikukaa katika majarida tu. Katika miaka ya 1970 Parnas alishirikiana na maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani katika kuandika upya programu ya ndege ya A-7. Baadaye alisaidia katika ukaguzi wa programu za kuzimia mitambo ya nyuklia huko Darlington, Kanada. Leo mwanafunzi wa kompyuta hufundishwa kuficha siri za sehemu katika mwaka wake wa kwanza, mara nyingi bila kuambiwa jina la aliyelieleza jambo hilo. Usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tunayo yetu: mwanaisimu atajaye ngeli za lugha za Kibantu kwa namba ni nadra kumtaja Wilhelm Bleek, aliyeanza kuzipa namba katika karne ya 19. Fikra ikikubaliwa kabisa hupoteza jina la mwenyewe, na hapo mizani ya kutajwa haioni kitu.

Wala mizani hiyo haikuundwa kwa kazi hii. Mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza faharasa ya kuonyesha ni nani amemtaja nani, ili mtafiti aweze kufuata njia ya fikra na kujua kama kazi anayoitegemea imekwisha kosolewa. Alichukua mfano kutoka faharasa za wanasheria wa Marekani. Faharasa yake ya sayansi ilianza kutolewa mwaka 1964. Ilikuwa taa ya kutafutia vitabu. Polepole wakubwa wa vyuo wakaifanya kipimo cha watu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alitoa kanuni ya kuifupisha kazi yote ya mtaalamu kuwa namba moja.

Parnas alieleza mwaka 2007 matokeo ya mwenendo huo: utafiti wa juu juu, makundi makubwa ya watafiti wanaogawana majina, fikra moja kukatwa vipande ili izae makala nyingi. Kuhesabu kutajwa badala ya makala hakukumridhisha. Wengine humtaja mtu ili wampinge, wengine ili waonekane wamesoma, na wengine hutaja wasichokisoma kabisa. Shauri lake lilikuwa jepesi kusema na zito kutenda: anayehukumu kazi na aisome.

Neno hili lina uzito kwa kuwa msemaji hakuwa na haja ya kujitetea. Namba zilikuwa upande wake. Kwetu lina uzito zaidi. Kamusi, sarufi na mikusanyo ya tenzi huchukua miaka mingi, hutumiwa na maelfu ya walimu na wafasiri wasioandika makala, na mara nyingi hutajwa katika vitabu ambavyo faharasa za ng'ambo hazivifikii. Kamati ya kupandisha walimu vyeo ikiletewa namba peke yake, basi imeletewa kivuli cha kazi. Yapasa idai kazi yenyewe iwekwe mezani, pamoja na mtu wa kuisoma.