Kobe wa Ziwa Turkana
KOBE wa majini wa Turkana, ambaye wataalamu humwita Pelusios broadleyi, hajulikani kuishi kwingineko ila Kenya, kusini mashariki mwa Ziwa Turkana karibu na Loiyangalani. Mfaransa Roger Bour alimweleza kisayansi mwaka wa 1986.

Gamba lake la tumboni lina bawaba. Akitishwa hulaza kichwa upande na kujifungia ndani. Hata hivyo, kinga hiyo haimfai makao yake yanapovurugwa. Ingawa huishi majini, hutaga mayai nchi kavu, na kina cha ziwa kikibadilika, ukingo nao hubadilika.

Mto Omo wa Ethiopia, uletao takriban asilimia 90 ya maji ya ziwa hilo, una bwawa la Gibe III lililozinduliwa mwaka wa 2016. Kobe huyu akitoweka Turkana, ametoweka duniani.