Jina la Ugonjwa na Tathmini ya Muuguzi: Neno Ihahamuka katika Historia ya Cyangugu

Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha Ainisho la Kumi la Magonjwa. Ainisho hilo liliweka katika kundi moja matatizo ya mtengano wa nafsi, yaani hali ambamo kumbukumbu, utambuzi wa nafsi na mwendo wa mwili huachana. Kupagawa nako kumo, ila huhesabiwa ugonjwa pale tu kunapomjia mtu bila hiari na nje ya ibada zinazokubalika katika jamii yake.

Aprili 1994, Watutsi wa Cyangugu, Rusizi ya leo, walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka. Baadhi yao walitolewa humo wakauawa. Baada ya mauaji ya kimbari, neno la Kinyarwanda ihahamuka lilienea kwa kumtaja mtu anayeshikwa na hofu ya ghafla, akabanwa pumzi, akapiga mayowe kana kwamba wauaji wamerudi. Hali hiyo hujitokeza hasa katika maombolezo ya kila Aprili. Neno lenyewe hufungamana na mapafu na pumzi. Msemaji wa Kiswahili hukumbuka kitenzi kuhaha, ingawa mfanano wa sauti pekee si ushahidi wa asili moja.

Ihahamuka na mtengano wa nafsi hukutana bila kulingana. Kwa hiyo muuguzi hawezi kuliandika neno la ndugu wa mgonjwa kuwa ndio utambuzi wa ugonjwa, wala hapaswi kulipuuza. Kwanza huhakikisha njia ya hewa, hupima joto na sukari ya damu, na huchunguza malaria, kifafa na jeraha la kichwa. Kisha huuliza kwa upole: nini kilitangulia, hali ilidumu muda gani, mgonjwa anakumbuka nini? Humwita kwa jina na kumweleza mahali alipo. Kumkamata kwa nguvu kwaweza kumrudishia yale yale anayoyakimbia.

Mjini Kamembe, ng'ambo ya Bukavu, Kiswahili kilisikika sokoni na mpakani muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Anayesema "mapepo" humwelekeza mgonjwa kwenye maombi. Anayesema "kifafa," kwenye vidonge. Anayesema "anajifanya," kwenye aibu. Kuandika neno la jamaa kama lilivyotamkwa, kando ya vipimo, ni sehemu ya tathmini yenyewe. Istilahi ya Kiswahili ya uuguzi wa akili haina budi kujengwa juu ya msingi huo.