Sugu na Streptomisini

Neno "usugu" limeingia katika lugha ya waganga kwa maana ya hali ya kijidudu kisichouawa na dawa. Asili yake ni sugu, ile ngozi ngumu ya kiganja cha mkulima. Mtu hazaliwi na sugu. Hupewa na mpini wa jembe. Kwa hiyo alisikiaye neno hili hudhani kwamba kijidudu nacho hukomazwa na dawa, kama kiganja kikomazwavyo na mpini. Dhana hiyo si sahihi, na dawa iliyolidhihirisha kosa lake ni streptomisini.

Dawa hii iligunduliwa mwaka wa 1943 na Albert Schatz, mwanafunzi wa Selman Waksman, katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey, nchini Marekani. Ilipatikana kutokana na kiumbe kidogo sana kikaacho udongoni, nayo ilifaa dhidi ya kifua kikuu. Katika majaribio ya Uingereza yaliyotangazwa mwaka wa 1948, wagonjwa 55 walipewa streptomisini pamoja na kupumzishwa kitandani, na wengine 52 walipumzishwa tu. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza, na 14 katika kundi la pili. Lakini furaha haikudumu. Katika miili ya wengi waliotibiwa vilijitokeza vijidudu visivyodhurika, na maradhi yakarudi kwa nguvu.

Je, dawa ndiyo iliyovikomaza vijidudu hivyo, au vilikuwapo tangu awali?

Mwaka wa 1952 Joshua na Esther Lederberg, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walitoa jibu. Waliotesha vijidudu vya utumbo katika sahani isiyo na dawa hata vikaenea. Wakakandamiza kitambaa cha mahameli juu yake, kama mtu apigavyo muhuri, kisha wakakigusisha kwenye sahani nyingine zenye streptomisini. Karibu vijidudu vyote vikafa. Vichache vikaota, tena mahali palepale katika kila sahani. Ndipo wakairudia sahani ya kwanza, wakachota mahali hapo, na kufanya hivyo mara kadhaa, mpaka wakapata kizazi kizima kisichouawa na streptomisini, ilhali wazazi wake hawakupata kuionja hata chembe. Basi dawa haikuutia usugu, iliuchagua tu.

Mwaka huohuo, mjini London, William Hayes aliitumia sumu hiyo kama ungo. Alichanganya aina mbili za vijidudu ambavyo humegeana urithi, lakini kwanza akaitia aina moja streptomisini. Alipoitia aina ya kwanza, wazao wenye urithi mchanganyiko walipatikana. Alipoitia ya pili, hawakupatikana. Kumbe aina ya kwanza ilikuwa mtoaji, ambaye akiisha kutoa aweza kufa. Ya pili ilikuwa mpokeaji, ambaye hana budi kuishi ili alee alichopewa. Hivyo usugu, uliowatisha waganga, ukawa alama mikononi mwa wataalamu wa urithi. Hata leo atakaye kuhamisha jeni huifungamanisha na jeni ya usugu, kisha humwagia vijidudu dawa inayohusika. Kilichobaki hai ndicho kilichopokea.

Hospitalini nako fundisho ni lilelile. Mwaka wa 1950 watafiti wa Uingereza walikwisha kuonyesha kwamba streptomisini ikitolewa pamoja na dawa ya pili, iitwayo PAS, usugu hupungua sana. Sababu yake ni hesabu: kijidudu kinachoihimili dawa moja ni adimu, na kinachozihimili zote mbili kwa pamoja ni adimu mno.

Sisemi kwamba neno "usugu" liachwe, maana limekwisha kukubalika. Nasema tulitumie tukijua mpaka wake. Mgonjwa wa kifua kikuu atibiwaye kwa dawa moja peke yake hafanyi vijidudu vyake kuwa vigumu. Afanya ndani ya mapafu yake jambo lilelile walilofanya Lederberg na mkewe katika sahani: awaua wanyonge wote, na kuwaachia shamba zima wale wachache waliozaliwa na nguvu.