Daraja Likivunjika Nyambene

Msomaji, ukisimama Maua wakati magari ya miraa yanapoondoka, utastaajabia mwendo wao. Sababu yake ni hii: miraa ikisha kuchumwa na kufungwa katika majani ya mgomba, huanza kupoteza nguvu baada ya siku mbili hivi, na mwenye kuchelewa hapati mnunuzi. Basi fikiri mvua kubwa imelichukua daraja moja dogo katika milima ya Nyambene. Nani atalijenga? Wengi watajibu upesi kwamba ni kazi ya baraza. Lakini baraza nalo lina mkubwa wake wa kumwomba fedha, na habari ya maombi hayo ni ya miaka mingi.

Mabaraza ya wenyeji yalianzishwa nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 1924, na Meru ikapata lake. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mwingereza, na matumizi yalihitaji kibali cha wakubwa zake. Mwaka 1950 yakaja Mabaraza ya Wilaya ya Waafrika. Baada ya Uhuru baraza la Meru, kama mengine ya wilaya, likabeba mzigo wa shule za msingi, zahanati na barabara, na likatoza kodi ya kuyaendesha. Ndipo kwa sheria ya mwaka 1969 serikali kuu ikayachukua yote matatu, na kodi ile pamoja nayo. Tangu Januari 1970 baraza likabaki na jina kubwa na mfuko mdogo. Na mtu aliyekwama matopeni, hebu niambie, angeijuaje sheria hiyo?

Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilibomoa barabara na madaraja kotekote nchini. Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa matengenezo, lakini mkopo huo uliingia mkononi mwa serikali kuu. Mwaka huo huo wa 1998 ikapitishwa sheria ya kuyapa mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato. Fedha hizo hazikuwa za maafa, ila zilikuwa na masharti yanayofundisha: baraza lililochelewesha hesabu zake lilikatwa fungu lake. Kwa hiyo karani mmoja mzembe aliweza kuwadhuru watu wake kama mvua ilivyowadhuru.

Mwaka 2013 mabaraza ya zamani yalikoma, na Maua ikawa chini ya Serikali ya Kaunti ya Meru. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura. Isome sheria hiyo kwa makini, msomaji, kwani neno moja ndani yake ni zito: haja ya fedha lazima iwe ya haraka na isiyotazamiwa. Sasa, chini ya milima hii yenye majani ya chai, nchi za tambarare za Igembe na Tigania ni kavu, na ukame huzirudia mara kwa mara. Je, jambo linalorudi hivyo laweza kuitwa lisilotazamiwa? Tena, kujenga upya ni kazi ya miezi mingi, na mkaguzi aweza kuuliza haraka iko wapi.

Kuna mpaka mwingine. Malipo ya mwaka mmoja hayawezi kupita asilimia 2 ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia, na Bunge la Kaunti sharti liombwe idhini kabla ya miezi miwili kupita tangu kulipa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliangukia mwaka mmoja wa fedha, yakala chungu kimoja. Zaidi ya hayo, barabara nyingine ni za kaunti na nyingine za serikali kuu, hata kabla ya kuandika ombi ni lazima kwanza ijulikane daraja lilikuwa la nani.

Mimi naona ugumu mkubwa kuliko yote ni ushahidi. Mwenye kutoa fedha hutaka kujua kilichopotea kilikuwa na thamani gani kabla ya maafa. Hata Marekani, ambako shirika la serikali liitwalo FEMA hulipa angalau robo tatu ya gharama zilizokubaliwa, miji hudaiwa stakabadhi, picha na hesabu za saa za kazi, na mji mdogo usio na mhandisi hutaabika. Huku kwetu, kalvati iliyowekwa na wanakijiji kwa harambee haina karatasi yoyote. Naye mkulima wa miraa huuza mabunda yake kwa fedha taslimu kando ya barabara, bila risiti, kama alivyouza baba yake. Siku karani atakapomjia na fomu na kumwuliza amepoteza shilingi ngapi, atamwonyesha mabunda yaliyonyauka. Na karani hana safu ya kuyaandika.