Maji baridi na saa zilizopotea

Mwaka 1970, daktari E. A. Martin alichapisha katika jarida la sayansi ya tiba la Ireland ripoti kuhusu wagonjwa 11 waliopoteza kumbukumbu ghafla, kisha wakapona baada ya muda mfupi. Jambo la kushangaza zaidi alilitaja katika kichwa chenyewe cha ripoti: watano kati yao walipatwa na mkasa huo wakiwa ufukweni mwa bahari.

Kwa msikilizaji aliyekulia Zanzibar, Mombasa au Lamu, huenda habari hiyo ikawa ngeni. Maji ya Bahari ya Hindi katika mwambao wa Afrika Mashariki hayashuki sana chini ya nyuzi joto 25. Bahari ya Ireland ni nyingine kabisa. Hata katika majira ya joto, maji yake humkata pumzi anayejitosa.

Hali yenyewe ni rahisi kuieleza, ingawa kuishuhudia ni jambo la kutisha. Mtu aliyekuwa mzima huanza kuuliza: hapa ni wapi, na tumefikaje? Akijibiwa huridhika. Dakika chache zikipita huuliza tena swali lile lile, kwa maneno yale yale. Jina lake analijua, mwenzi wake anamtambua, na mazungumzo yake ni ya mtu mwenye akili timamu. Lakini hakuna jambo jipya linalokaa kichwani, na pengine matukio ya siku au wiki zilizotangulia nayo yamefutika. Saa kadhaa baadaye, na daima kabla ya saa 24 kutimia, kumbukumbu hurejea. Aghalabu wanaopatwa ni watu wenye umri kati ya miaka 50 na 70. Anayeteseka zaidi, kwa kweli, ni yule aliyekaa kando akijibu swali moja kwa mara ya ishirini, akiamini kwamba mwenzake amepata kiharusi.

Madaktari nao kwa muda mrefu hawakuwa na jina la hali hiyo. Mwaka 1956 ilielezwa karibu kwa wakati mmoja na Morris Bender huko New York, na Guyotat na Courjon huko Lyon, Ufaransa. Miaka miwili baadaye, Miller Fisher na Raymond Adams wa Boston waliipa jina linalotumika hadi leo katika vitabu vya tiba, nalo maana yake ni upotevu wa kumbukumbu zote kwa muda. Mwaka 1964 walichapisha uchunguzi mrefu wa wagonjwa 17.

Fisher, mzaliwa wa Kanada, alikuwa na historia yake mwenyewe na bahari. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari katika meli ya kivita ya Uingereza, Voltaire, iliyozamishwa na Wajerumani mwezi Aprili 1941. Aliokolewa na adui na kukaa kifungoni Ujerumani zaidi ya miaka mitatu. Baada ya vita alijulikana kwa uvumilivu wa kuketi kando ya kitanda cha mgonjwa na kumsikiliza. Uvumilivu huo ndio uliomwezesha, katika makala ya mwaka 1982, kukusanya mambo yanayotangulia kusahau huko: kuzama katika maji baridi, tendo la ndoa, maumivu makali, mshtuko wa moyoni. Hata maji ya moto yamo. Kwa hiyo baridi peke yake haiwezi kuwa maelezo yote.

Wakati huo huo, wataalamu walikuwa wamekwisha kujua mahali pa kutazama. Mwaka 1953, mjini Hartford, Marekani, kijana Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili kutibu kifafa, akaondolewa sehemu iitwayo hipokampasi pande zote mbili. Tangu siku hiyo hadi kifo chake mwaka 2008, karibu kila jipya lilimtoka. Yaliyomkuta Molaison kwa zaidi ya miaka 50, muogeleaji hukutana nayo kwa saa chache. Hipokampasi ilipewa jina hilo katika karne ya 16 na tabibu wa Italia, Arantius, kwa kuwa ilimkumbusha umbo la farasi wa baharini.

Swali lililowatia hofu wagonjwa ni kama tukio hilo ni dalili ya kiharusi kinachokuja. Mwaka 1990, Hodges na Warlow wa Uingereza walitoa matokeo ya kufuatilia wagonjwa 114. Hatari yao ya kupata kiharusi haikuzidi ya watu wengine, ingawa wachache walipata kifafa baadaye. Kwa maelfu waliokuwa wakiishi kwa wasiwasi, huo ulikuwa ujumbe mkubwa.

Mwaka 1998, Lewis alipendekeza kwamba mtu anapobana pumzi kwa nguvu, kama anavyofanya anayeingia ghafla katika maji baridi, damu hukwama katika mishipa ya shingo na kuinyima hipokampasi hewa safi. Wengi waliipenda nadharia hiyo, lakini haijathibitika, na wengine hutaja homoni zinazomiminika wakati wa mshtuko. Ushahidi wa macho ulitoka Mannheim, Ujerumani, mwaka 2004: kati ya wagonjwa 31 waliopigwa picha kwa mashine za sumaku, 26 walionekana na vidoa vidogo katika hipokampasi. Ajabu ni kwamba katika saa za mwanzo vidoa hivyo havikuonekana ila kwa wawili tu; vilijitokeza baada ya siku mbili, mgonjwa akiwa amekwisha kupona na kurudi kwenye shughuli zake.

Mabwawa ya ndani yalipofungwa nchini Uingereza mwaka 2020 kwa sababu ya Covid-19, watu wengi waligeukia bahari na maziwa, na jambo aliloliona Martin likapata wasikilizaji wapya. Madaktari husisitiza kwamba anayechanganyikiwa baada ya kuogelea apelekwe hospitali mara moja, kwani kiharusi na kushuka kwa joto la mwili huweza kuanza kwa sura hiyo hiyo. Ikibainika kuwa ni upotevu huu wa muda, hakuna dawa anayopewa, husubiriwa tu. Jioni atajua tena alipo na ni siku gani, ila safari ya kwenda ufukweni na kuogelea kwenyewe atavijua kwa kusimuliwa.